Segmenti zilizomrudisha darasani: maisha ya Soichiro Honda

Wasomaji wetu wa Rubaya, wa Walikale na wa hapa Goma, ule moshi wa bluu mnaujua. Moto inatoka Sake, imebeba magunia mawili na mtu juu yake, inapanda kilima, na nyuma inaacha wingu lenye harufu ya mafuta yaliyoungua. Motari anasema tu: segmenti zimekufa. Anaenda kwa fundi, moteri inafunguliwa, feza ya siku nyingi za shimo inalala pale chini juu ya kipande cha karatasi, na kisha miezi kidogo moshi unarudi. (Tukisema moto hapa, tunasema pikipiki, si ule wa makaa.)

Segmenti ni pete ya chuma inayovaliwa na pistoni. Kazi yake ni mbili: kuzuia nguvu ya mlipuko isitoroke kwenda chini, na kuzuia mafuta ya chini yasipande juu yakaungua. Ni kitu kidogo, mtu anaweza kukivunja kwa vidole. Leo tunaeleza maisha ya mtu ambaye pete hiyo ilitaka kummaliza mbele ya kumfanya mkubwa. Jina lake mnalionaka kwenye pikipiki, kwenye motopompe za kutoa maji katika mashimo, kwenye grupu za umeme. Wengi wanafikiri Honda ni jina la kampuni tu. Alikuwa mtu, na mkono wake wa kushoto ulijaa makovu, kwa sababu ule wa kuume ndio ulishika nyundo na wa kushoto ndio uliipokea nyundo ikikosea njia.

Soichiro Honda alizaliwa tarehe 17 Novemba 1906 katika kijiji cha Komyo, karibu na mji wa Hamamatsu, Japani. Baba yake, Gihei, alikuwa mhunzi. Mama yake, Mika, alikuwa mfumaji wa nguo. Hawakuwa matajiri. Mzee Gihei alifua vyuma, na baiskeli zilipoanza kuenea akaanza kuzitengeneza: ananunua zilizovunjika, ananyoosha, anauza. Mtoto akakulia pale, kati ya makaa na vyuma. Tuko na watoto wa namna hiyo huku kwetu, wale wanaoshinda pembeni ya kwado wakimpokeza kle bila kuitwa.

Shuleni hakuwa mtoto wa kusifiwa. Ripoti ya masomo ilipaswa kurudi na muhuri wa mzazi, na yeye, akijua alama zake zilivyo, akachonga muhuri wake mwenyewe. Ukapita vizuri. Wenzake wakamwomba awachongee na wao. Hapo akakamatwa, maana jina la Honda katika maandishi ya Kijapani linaonekana sawa likisomwa mbele au likigeuzwa kama kwenye kioo, lakini majina ya wengine yalitoka kinyume na mwalimu akaona. Alichapwa. Sisi tunaona kwamba hata makosa yake ya utoto yalikuwa makosa ya fundi.

Siku moja gari la kwanza likapita kijijini. Soichiro alikimbia nyuma yake mpaka liliposimama. Tone la mafuta likaanguka chini, akapiga magoti, akayagusa na kuyanusa. Mpaka uzeeni aliieleza harufu ile kama watu wengine wanavyoeleza siku ya ndoa yao. Mwaka wa 1917 akasikia kwamba rubani Mmarekani, Art Smith, atarusha ndege Hamamatsu, mwendo wa kilomita 20 hivi. Akachukua baiskeli ya baba kwa siri. Ilikuwa ndefu kwake, akapitisha mguu chini ya bomba la juu na kuendesha hivyo, mwili umepinda. Alipofika, feza yake haikutosha kuingia. Akapanda juu ya mti, akaangalia kutoka pale.

Mwaka wa 1922, akiwa na miaka 15, aliingia Tokyo kama mwanafunzi wa kazi katika garaji moja iliyoitwa Art Shokai. Alifikiri atafungua moteri siku ya kwanza. Walimpa ufagio na mtoto mchanga wa patron abebe mgongoni. Miezi karibu 6 alikuwa mlezi wa mtoto. Alitaka kutoroka, lakini alimwogopa baba yake na akabaki, akitazama magari juu ya mabega ya wengine. Siku theluji ilipoleta kazi nyingi, patron akamwita alale chini ya gari lililolowa. Hakusikia baridi.

Tarehe 1 Septemba 1923 ardhi ikatetemeka Tokyo. Kisha mji ukaungua. Sisi watu wa Goma hatuhitaji kuelezwa sana: tuliona Januari 2002 lava ya Nyiragongo ikikata mji katikati, na tuliona watu wakirudi juu ya mawe ambayo bado yalikuwa ya moto, kila mmoja akitafuta fasi nyumba yake ilipokuwa. Wafanyakazi wengi wa Art Shokai walirudi kwao. Soichiro na mwenzake mmoja wakabaki na patron, wakaokota magari yaliyoungua na kuyafufua. Magurudumu ya magari hayo yalikuwa na spoku za mbao, na mbao zote zilikuwa majivu. Hilo hakulisahau. Baadaye, alipofungua garaji yake, alitengeneza spoku za chuma, nazo zikamletea jina na feza.

Garaji hiyo aliifungua Hamamatsu mwaka wa 1928, kwa ruhusa ya patron wake, akiwa na miaka 21. Feza ikaingia, na yeye akaila kama kijana. Alijenga magari ya mashindano, akakimbiza. Juni 1936, katika mashindano karibu na mto Tama, gari lake lilibiruka akitupwa nje. Ndugu yake mdogo aliyekuwa pamoja naye aliumia vibaya.

Karibu na wakati huo ndipo pete ilipoingia. Honda aliona kwamba kutengeneza tu kunamfunga: fundi anafanya kazi kwa moteri moja tu kwa siku, na mashindano ya garaji yanaongezeka. Akataka kutengeneza kitu kipya, akachagua segmenti, kwa sababu kwa uzito wake zinauzwa kwa bei kubwa na chuma chake ni kidogo. Alifikiri kwa mikono yake atazipata kwa majuma machache. Zikavunjika. Zilizokosa kuvunjika zilikuwa laini na hazikushikilia. Alilala kwenye atelye, akifanya kazi mpaka saa nane, saa tisa za usiku. Nywele zikawa ndefu, akamwita bibi yake, Sachi, waliyeoana mwaka wa 1935, aje kumkata palepale ili asiache moto wa kuyeyusha chuma uzimike. Akiba ikaisha. Vitu vya bibi yake vikaenda rehani.

Tusimame hapa kidogo, maana fasi hii ndiyo iliyotufanya tuandike. Mtu huyu alikuwa patron, alikuwa fundi anayejulikana katika mji mzima, anasikia moteri kwa mbali na kusema ugonjwa wake. Angeweza kusema chuma ni kibaya, au kwamba amelogwa, au kwamba waliomuuzia walimwibia. Yeye alichukua segmenti zake akaenda nazo shuleni, kwenye shule ya juu ya ufundi ya Hamamatsu. Profesa akapima chuma na kumwambia kwamba silikoni ndani yake haitoshi. Honda hakujua hata kwamba kitu hicho kinapaswa kuwamo. Akaomba kuingia darasani, akiwa karibu na miaka 30, kati ya vijana wa kofia za shule, akija na gari lake huku walimu wengine wakienda kwa miguu. Alisikiliza masomo yanayogusa pete na akaacha mengine. Mitihani hakuifanya. Shule ikamwambia kwamba hivyo hatapata diploma, na yeye akajibu kwamba diploma sio iliyomleta. Mwishoni wakamwondoa.

Segmenti zikapatikana mwisho wa 1937. Na bado haikuwa mwisho. Zilipopelekwa Toyota, wakapima 50. Zilizokubaliwa zilikuwa 3. Akarudi tena, akazunguka kwenye viwanda na vyuo vya Japani akiuliza, karibu miaka 2, mpaka akaweza kuzitoa nyingi zote zikiwa sawasawa. Kutoa moja nzuri ni kazi ya fundi. Kutoa elfu za namna moja ni kazi nyingine, na yeye alijifunza zote mbili.

Vita ikaja. Kiwanda chake kikatoa segmenti kwa meli na ndege za jeshi, na Toyota wakachukua asilimia 40 ya kampuni. Wanaume walipopelekwa vitani alitengeneza mashini ambazo wasichana wasio na mazoezi waliweza kuziendesha. Mabomu ya Wamarekani yakapiga kiwanda kimoja. Tetemeko la Januari 1945 likaangusha kingine. Kisha Japani kushindwa, aliwauzia Toyota kilichobaki kwa yeni 450,000, akanunua pipa la alkoli, na mwaka mzima akakaa akinywa na kualika watu. Bibi yake hakufurahi. Hatumsifu kwa hilo, lakini tunaonaka watu wetu waliopoteza vyote mara mbili, mara tatu, na tunajua mwaka wa namna hiyo unavyokuwa.

Mwaka wa 1946 Japani haikuwa na chakula. Treni zilijaa mpaka kwenye paa. Mama wa nyumbani walienda vijijini kutafuta mchele na viazi, na Sachi alienda kwa baiskeli. Kwa rafiki mmoja Honda akaona moteri ndogo iliyoachwa na jeshi, ya kuwashia umeme wa redio. Akaifunga kwenye baiskeli. Tanki ya kwanza ilikuwa chupa ya kupashia kitanda joto. Sachi ndiye aliyepewa kuijaribu, akapita nayo njia kubwa mbele ya watu. Alirudi nguo yake imelowa mafuta na akamwonyesha: moteri ilikuwa inatema kutoka kwenye karburateri. Honda mwanzo alimwambia anyamaze, kisha akaangalia, akaona ni kweli, akaitengeneza.

Oktoba mwaka huo akafungua kibanda cha mbao Hamamatsu. Moteri za jeshi zilikuwa karibu 500, na watu walikuja kutoka mbali kuzitafuta. Esanse ilikuwa ya kugawiwa, akachanganya na mafuta ya utomvu wa msonobari, na baiskeli hizo zikanuka barabarani kote. (Wanunuzi wa chupa za kadhafi watamwelewa.) Moteri zilipokwisha, akaunda ya kwake, mwaka wa 1947. Wajapani wakaiita batabata, kwa sauti yake, sawa vile sisi tulisema pikipiki. Hakuna aliyemfundisha mwenzake. Chuma chenyewe ndicho kilijitaja.

Yanayofuata yanajulikana, tutapita haraka. Kampuni ya Honda ilianzishwa tarehe 24 Septemba 1948. Mwaka wa 1949 ikatoa moto ya kwanza kamili, Dream, na mwaka huohuo akaja Takeo Fujisawa, aliyeshika mauzo na feza. Honda alimwachia muhuri wa kampuni na hakutazama tena vitabu vya hesabu. Fujisawa alipotaka kuuza, aliandika barua kwa maduka ya baiskeli ya nchi nzima, zaidi ya 50,000, kwa sababu pale ndipo kulikuwa mtu mwenye kle mkononi. Mwaka wa 1959 moto zao zilifika kwenye mashindano ya Isle of Man, Uingereza wakacheka kidogo; mwaka wa 1961 zikashinda daraja la 125 na la 250, na kicheko kikaisha.

Mwaka wa 1958 ilitoka Super Cub, senti kubu 50, ya kumfaa hata mpeleka chakula anayeshika sinia kwa mkono mmoja: embreyaji yake inajifanya yenyewe. Mwaka wa 2017 zilizotengenezwa zilipita milioni 100. Hakuna chombo cha moteri ambacho watu wamewahi kutengeneza kwa wingi kama hicho.

Tuseme pia ubaya wake. Honda alikuwa mkali. Bulonge ikifungwa vibaya alirusha kle, na aliwapiga wafanyakazi kwa mkono. Wengi walimpenda na wakakaa, wengine walitoka. Kuna watu wanaoeleza hayo kama uzuri wa mzee mkali. Sisi tumeona mapatroni wa mashimo wanaopiga watu, na hatuwezi kuyaeleza hivyo. Yeye mwenyewe uzeeni alijuta.

Mwaka wa 1973 Honda na Fujisawa waliacha kazi pamoja. Honda alikuwa na miaka 66. Watoto wake hakuwapa kampuni.

Miaka mitatu baadaye, 1976, kampuni ilitoa moto inayotugusa sisi zaidi kuliko zote, ingawa wengi hapa hawajaiona: CG125. Wainjinia wake walikuwa wametembea katika nchi maskini kuona moto zinavyotumiwa. Waliona yale tunayoonaka kila siku: watu watatu juu ya moja, mizigo, mafuta ya moteri yasiyobadilishwa, shene iliyokauka, filtri ya hewa isiyofunguliwa tangu dukani. Basi wakachora moteri nyepesi kuelewa, yenye vijiti vya kusukuma valvu fasi ya mnyororo wa ndani, ili ivumilie mwenye moto asiyeiangalia. Wachina wakainakili mpaka leo. TVS na Boxer zinazojaa Goma ni za India, lakini na kwao Japani imepita: TVS ilijifunza pamoja na Suzuki, Bajaj pamoja na Kawasaki.

Kwa hiyo tunapanda moto ambazo wakubwa walizitengeneza wakijua kwamba hatutaziangalia. Hilo lilituuma tulipolijua. Lilituuma zaidi kwa sababu ni kweli. Sisi wenyewe tulinunua moto ya Kihindi na tukaipanda miezi mingi bila kutazama mafuta. Kwenye kilima kati ya Sake na Mushaki moteri ikajifunga. Tuliirudisha Sake kwa kuishuka na kuisukuma, na fundi alipofungua kizibo cha chini, kilichotoka hakikujaza kikombe cha chai, cheusi na kizito. Moteri ya 125 inabeba karibu lita 1. Pistoni, silinda na segmenti zote zilikwenda. Hatukuwa na mtu wa kulaumu.

Mchimbaji akipata, mara nyingi ananunua moto, anampa kijana aendeshe na alete versementi. Ndiyo akiba yake, ndiyo masomo ya watoto. Yeye yuko shimoni, kijana yuko njiani, fundi yuko Ndosho, na kati ya hao watatu hakuna anayefungua filtri. Vumbi letu si kama vumbi la fasi nyingine: ni la volkano, gumu kama kioo kilichosagwa. Filtri ikipasuka vumbi hilo linaingia kwenye silinda na kula segmenti kama jiwe la kunolea. Sponji ya filtri inaoshwa kwa maji na sabuni, inakaushwa, inapakwa mafuta kidogo, inarudishwa. Bujii ikitoka na rangi ya kahawia, moteri iko mzima. Ikiwa nyeusi na imelowa mafuta, segmenti au valvu zinalia. Ikiwa nyeupe, inaungua sana. Esanse ya chupa ikiwa na maji, maji yanakaa chini ya karburateri, na kuna vida ndogo pale ya kuyatoa. Shene iache ipande na kushuka kwa kidole sentimita 2 au 3, si zaidi. Kazi hizi zinataka kle chache na kitambaa. Mama wa nyumbani anaweza kuzifanya, na tunawajua wanaozifanya. Mwenye chukudu hajawahi kuuliza nani atamtengenezea gurudumu: anachukua panga, mti na kipande cha pneu, anamaliza mbele jua halijashuka.

Honda alipoacha kazi hakukaa nyumbani. Alisema anataka kushika mkono wa kila mtu aliyemfanyia kazi, akazunguka Japani yote, viwanda na maduka ya kutengeneza, fasi karibu 700, nyingine za watu wawili watatu tu. Kwenye moja ya fasi hizo fundi kijana alikimbia kuja kumsalimu, kisha akaona mkono wake umejaa mafuta meusi, akaurudisha nyuma ili akaunawe. Mzee alimzuia. Akaushika vilevile kwa mikono miwili, akautazama, na kisha akainusa mikono yake mwenyewe.

Alikufa Tokyo tarehe 5 Agosti 1991, akiwa na miaka 84. Alikuwa amekataza kampuni imfanyie mazishi makubwa. Mtu aliyeishi kwa kuuza magari na pikipiki, aliona haya kwamba maiti yake ifunge barabara na kuzuia watu kwenda kazini.